Filamu ya Kinga Huanza Kufa Pembeni

Ndugu waosha magari, mafundi wa kubandika, na nyinyi wenye magari mliojipanga huko nyuma, asanteni kwa kufika. Mada yetu ni finyu: namna ya kuosha na kutunza gari lililovikwa filamu angavu ya kinga, ile ambayo wengi mnaiita PPF. Ninachotaka kusema nakitanguliza, ili mwenye haraka aondoke nacho. Filamu hii mara chache huharibikia katikati ya boneti, mahali ambapo kila mtu hupatazama na kupasugua. Huharibikia sehemu mbili: kwenye ngozi yake ya juu, na kwenye kingo zake. Ni kama plasta ya kidonda, ambayo haibanduki katikati, hubanduka pembeni, na uchafu huanza kunasa hapo hapo. Mwoshaji anayejua hayo mawili hahitaji dawa nyingi. Asiyejua, hata akinunua shampuu ya bei mbaya, ataifupishia filamu maisha.

Tujue kwanza tunachokigusa. Filamu ya siku hizi ni plastiki ya poliyurethani, unene wake kwa kawaida maikroni 150 hadi 200 (maikroni elfu moja ni milimita moja), yaani inaizidi mara kadhaa ile klia, tabaka angavu ya kiwandani iliyo juu ya rangi. Chini yake kuna gundi ya akriliki inayoshika kwa kugandamizwa. Juu yake kuna koti jembamba mno, maikroni kama 10 hivi kwa filamu nyingi, wakati unywele wa binadamu una kama 70. Koti hilo ndilo linalong'aa, ndilo linalofukuza maji na madoa, na ndilo linalojiponya mikwaruzo midogo likipata joto. Plastiki nene ya katikati kazi yake ni kupokea pigo la jiwe. Wazo lenyewe lilitoka kwenye helikopta: wakati wa vita vya Vietnam, jeshi la Marekani lilitafuta kitu cha kuvisha mapanga ya helikopta ili mchanga na vifusi visiyale. Watu wakisikia hivyo huona kwamba kitu kilichostahimili vita hakiwezi kushindwa na brashi ya kufagilia. Kinashindwa. Panga la helikopta halikuhitaji kung'aa. Boneti yako inahitaji.

Gari likitoka kwa fundi, liacheni. Filamu hubandikwa ikiwa imelowa, kwa maji yenye shampuu kidogo ili iteleze, kisha maji hukamuliwa kwa raba. Hayatoki yote. Yanayobaki hupita polepole kwenye plastiki na kukauka, na hapo ndipo mwenye gari anaanza kupiga simu: kuna ukungu mweupe, kuna vijifuko vya maji, kuna mawimbi. Vingi huondoka ndani ya wiki mbili hadi nne, haraka zaidi kwenye joto, taratibu zaidi kwenye baridi. Usitoboe kwa sindano. Tundu la sindano halifungiki vizuri, na baada ya miezi michache linageuka nukta nyeusi ambayo hakuna shampuu itakayoitoa. Kifuko ambacho baada ya mwezi bado kiko vile vile, kigumu na chenye mpaka ulio wazi, hicho kina hewa au kina chembe ya uchafu ndani, na ni kazi ya fundi kukirudia. Kwa siku 7 za mwanzo gari lisioshwe kabisa. Ndege akilichafua, weka kitambaa chenye maji, subiri, inua. Basi.

Sasa kuosha. Anza kwa kupima joto la boneti kwa mgongo wa mkono. Ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde 5, peleka gari kivulini usubiri, kwa sababu shampuu itakaukia juu yake kabla hujasuuza, na maji yatakayokauka yataacha duara za chokaa. Kisha suuza kwa maji mengi kutoka paa kushuka chini, bila kugusa kwa mkono wala kitambaa. Lengo ni kuondoa mchanga kabla kitambaa hakijaufikia. Mchanga unaoburutwa ndio unaochora ile michirizi ya duara inayoonekana jua likipiga.

Mashine ya presha naikubali, ila kwa masharti. Tumia ncha inayotoa maji kwa upana, ile ya pembe ya nyuzi 40, si ile ya sindano. Presha isivuke psi 2,000 (psi ni kipimo cha presha kinachoandikwa kwenye mashine), maji yasizidi nyuzi joto 80. Umbali usipungue sentimita 30, na mimi ningesema 60 ukiwa karibu na ukingo. Halafu kuna suala la pembe, na hapa ndipo wengi wanapobandua filamu bila kujua. Maji yaupige ukingo kwa wima, au yatoke upande wa filamu kwenda upande wa rangi tupu. Ukiinamisha ncha na kupuliza kutoka kwenye rangi kuelekea ukingo wa filamu, umeingiza kabari ya maji chini ya gundi. Mara ya kwanza hutaona kitu. Baada ya kuosha mara kadhaa, kona ya bampa imeinuka milimita mbili, vumbi limeshaingia, na gundi yenye vumbi haishiki tena.

Ndoo ziwe mbili, kila moja ya lita 10 hadi 15, na kila moja iwe na wavu chini wa kuzuia mchanga usipande. Moja ina shampuu, nyingine maji matupu. Shampuu iwe ya gari, isiyo kali, yenye pH karibu na 7, yaani si tindikali wala si magadi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuongeza kipimo hakuongezi usafi, kunaongeza utando unaobaki. Sabuni ya unga na sabuni ya vyombo zimeundwa kukata mafuta. Zinavua ile tabaka inayofukuza maji, na wiki inayofuata vumbi linashika kwa nguvu zaidi, nawe unaongeza sabuni zaidi. Glavu ya maikrofaiba ichovywe kwenye shampuu, ipitishwe kwenye paneli moja kwa mstari ulionyooka, isuuzwe kwenye ndoo ya pili, ikamuliwe, irudi kwenye shampuu. Sehemu ya chini ya milango na nyuma ya magurudumu iwe ya mwisho na iwe na glavu yake. Rimu na tairi vina vitambaa vyao ambavyo havipandi juu, hata vikionekana safi.

Mashine za kuoshea zenye brashi zinazozunguka sitazizungumzia sana. Brashi ile imebeba mchanga wa gari lililotangulia, na inapiga kingo kutoka kila upande. Zile zisizogusa gari zina nafuu, ila mara nyingi hufidia kutogusa kwa dawa kali.

Kukausha kuna kanuni moja inayofaa kuandikwa ukutani: kitambaa hutoka kwenye filamu kwenda kwenye rangi, kamwe hakitoki kwenye rangi kwenda kwenye filamu. Kitambaa cha maikrofaiba chenye nyuzi ndefu kikienda kinyume kinaudaka ukingo na kuuvuta. Ukiwa na kipulizia hewa, puliza maji yaliyojificha kwenye vioo vya pembeni, vishikio vya milango na nembo, kwa sababu hayo ndiyo hutiririka dakika kumi baadaye na kuacha mistari. Vitambaa vyenyewe vifuliwe peke yake, bila kuchanganywa na nguo za pamba zinazoacha nyuzi, na bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa ile huvipaka utando, navyo huacha kunyonya maji na kuanza kuyasukuma tu.

Turudi kwenye ukingo, maana hapo ndipo gari la filamu linapotofautiana na gari lisilo nayo. Ukiinama ukatazama kona ya boneti kwa karibu, utaona mstari mwembamba mweusi, hasa gari likiwa jeupe. Wengi hudhani filamu imechakaa. Mara nyingi ni uchafu tu: sehemu ndogo sana ya gundi imejitokeza nje ya plastiki, na gundi ni gundi, inanasa vumbi, nta na moshi. Mstari huo hauondoki kwa glavu, kwa sababu glavu inaruka juu ya ngazi ya filamu bila kugusa kona ya ndani. Chukua mswaki laini wa mtoto au brashi ya rangi yenye nywele laini. Lowesha ukingo kwa maji ya shampuu, subiri dakika mbili, kisha piga mswaki kwa kuufuata ukingo ulivyolala, kwenda na kurudi, bila kuukabili. Suuza. Kilichobaki kifutwe kwa alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 70, sehemu moja kwa sehemu moja ya maji. Vuta kitambaa kwenye ncha ya kidole, kiguse alkoholi kidogo tu, kisha futa kutoka filamu kwenda nje. Usimwagie alkoholi kwenye ukingo wala kuiacha ikae, kwa kuwa inalainisha gundi ile ile unayotaka iendelee kushika. Fanya hivyo kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mstari ulioachwa mwaka mzima huwa umeshaganda ndani ya gundi, na hapo hata fundi hana la kufanya ila kubadilisha kipande.

Ukingo ukiinuka, tazama chini yake kabla ya kuugandamiza. Kama gundi bado inang'aa na ni safi, futa kwa tone la ile alkoholi iliyozimuliwa, acha ikauke kabisa, pasha kwa kikausha nywele kutoka sentimita 15 hivi huku mkono ukitembea, kisha kandamiza kwa kidole gumba kwa sekunde 30 hadi 60. Usiuoshe kwa siku mbili. Kama gundi imeshakuwa ya kijivu kwa vumbi, haitashika hata uipashe kutwa. Mpelekee fundi aikate sehemu hiyo. Msikate wenyewe kwa wembe, maana wembe unaopita kwenye filamu hausimami kwenye filamu, unaingia kwenye klia na kufungulia kutu njia. Na gundi kali ya dukani isikaribie hapo. Itashika, ndiyo, lakini itashika rangi pia, na siku ya kubandua filamu itaondoka na rangi hiyo.

Kuhusu madoa, la kwanza ni muda. Kinyesi cha ndege kina tindikali, wadudu waliokufa wana tindikali yao na protini inayoganda, utomvu wa mti unakauka kama vanishi. Juani vyote hufanya kazi haraka, kwa saa badala ya siku. Filamu inakulindia rangi, lakini ngozi ya filamu yenyewe haina mlinzi. Kwa kinyesi na wadudu, lowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu yenye shampuu, kilaze juu ya doa kwa dakika 5 hadi 10, kisha inua bila kusugua. Likibaki, rudia. Kukwangua kwa kucha ni kuchora. Kwa utomvu, tumia alkoholi ya isopropili asilimia 70 bila kuizimua, kwenye kitambaa, ikae sekunde 30 hadi 60, futa, suuza mara moja. Lami inahitaji dawa ya kutolea lami, ikiwezekana ile ya asili ya machungwa; pakaa, subiri dakika moja tu, futa, osha kwa shampuu ili mafuta yake yasibaki. Isiguse kingo.

Petroli, thina na asetoni ndivyo vitu ambavyo mwoshaji huvikimbilia lami ikikaidi. Kwenye klia iliyokauka vizuri vinaweza kupita bila alama, na hapo ndipo mazoea mabaya yanapoanzia. Kwenye poliyurethani vinaingia ndani, vinaivimbisha, vinaifanya ipoteze mng'ao, na vinayeyusha gundi pembeni. Hata petroli inayomwagika kidogo wakati wa kujaza tangi isuuzwe hapo hapo.

Madoa ya maji magumu, yale maduara meupe, huondoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Kitambaa chenye mchanganyiko huo kikae juu ya doa dakika moja au mbili, halafu suuza kwa wingi. Kuna madoa ambayo hayatasikia siki. Hayo yameshaila ngozi, si chokaa iliyokaa juu, na kuongeza ukali wa dawa hakutayarudisha nyuma. Vinukta vya rangi ya machungwa kwenye gari jeupe ni chembe za chuma kutoka kwenye breki au reli. Dawa ya kuyeyusha chuma isiyo na tindikali kali inazitoa, mradi isikaukie juu ya filamu. Udongo wa kusafishia rangi tumieni mara chache sana, ule laini kabisa, na maji mengi ya kuteleza, na usifike ukingoni. Ukidaka ukingo unaacha vipande vya udongo ndani ya gundi.

Mikwaruzo myembamba ipewe joto kabla ya kitu kingine chochote. Koti la juu likipata nyuzi joto 60 hivi hulainika na kurudi mahali pake. Huhitaji kifaa: lita moja ya maji yanayochemka ikichanganywa na lita moja ya maji ya bomba inakupa takribani joto hilo. Mimina polepole juu ya mkwaruzo uliokwisha oshwa, na utaona michirizi ikififia ukiwa umesimama. Gari lililoegeshwa juani mara nyingi linajiponya bila kuambiwa. Angalizo: osha kwanza, maana joto juu ya uchafu linauzamisha uchafu. Bunduki ya joto ya fundi usiiazime. Kwa sekunde chache tu inaweza kuacha bonde lisilofutika. Na mkwaruzo unaoshika ukucha ukiupitisha juu yake umeshavuka ngozi na kuingia kwenye plastiki. Huo haurudi. Filamu za zamani za plastiki ya PVC nazo hazijiponyi, hata ukizimwagia birika zima.

Polishi yenye chembe za kusugua naipinga, ingawa wapo mafundi wanaoitumia kwa ustadi. Inaweza kung'arisha, ni kweli, lakini inang'arisha kwa kukwangua lile koti la maikroni 10, na kila mara unapokwangua unaondoa kitu kinachojiponya na kinachozuia madoa. Ukifika kwenye plastiki yenyewe, hiyo haina kinga na huanza kunywa rangi ya kila kitu.

Nta ya kopo yenye rangi au yenye mafuta ya petroli iacheni pia: inajaza ule mstari wa ukingo kwa ungaunga mweupe, na baadhi hugeuka njano. Badala yake tumieni kinyunyizio chenye silika, dawa ya kupuliza inayofukuza maji, kila baada ya miezi miwili hadi mitatu, kwenye filamu iliyo safi na kavu. Kipimo ni maji yenyewe: yakiacha kusimama kwa matone ya duara na kuanza kulala bapa hata baada ya kuosha, wakati umefika. Koti la seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa na kuganda kuwa tabaka ngumu, linafaa juu ya filamu, linarahisisha kuosha, ila si ngao ya mawe, na lisipakwe kabla filamu haijakauka vizuri. Kwa filamu isiyong'aa hesabu ni fupi: hakuna nta, hakuna polishi, hakuna kusugua sehemu moja muda mrefu, kwa sababu panaposuguliwa pataanza kung'aa peke yake na hakuna njia ya kuparudisha.

Mafuta ya kung'arishia tairi yanahitaji neno. Yakipakwa kwa wingi, gari likiondoka hurukia paneli iliyo nyuma ya gurudumu, hunasa vumbi la breki na kuacha vinukta vya kahawia. Pakaa kidogo, acha dakika 10, futa yaliyobaki kwenye tairi kabla gari halijatembea.

Umanjano ndio malalamiko ninayoyasikia zaidi, na jibu linategemea umekaa wapi. Safisha sehemu ya ukubwa wa kiganja kwa shampuu, kisha alkoholi iliyozimuliwa. Pakibadilika, ulikuwa uchafu juu ya ngozi, na paneli nzima itasafishika. Pasipobadilika hata chembe, umanjano umo ndani, kwenye plastiki au kwenye gundi iliyopigwa na jua miaka mingi, na hakuna dawa ya chupa itakayoufikia. Hapo filamu imemaliza kazi yake.

Kuibandua usiicheleweshe. Filamu nyingi hutarajiwa kudumu miaka 5 hadi 10. Ikizidi hapo inakuwa ngumu, inakatikakatika vipande vidogo, na gundi inabaki kwenye rangi. Siku ya kubandua, pasha paneli mpaka iwe ya moto kiasi cha nyuzi 50 hadi 60, inua kona, vuta polepole mkono ukiwa karibu na uso wa gari badala ya kuvuta wima kuelekea kifuani, na kila inapokataa, simama uongeze joto, si nguvu. Gundi iliyobaki ilowekwe kwa dawa ya kutolea gundi ya asili ya machungwa na kusukumwa kwa kipande cha plastiki. Kabla ya yote hayo muulize mwenye gari kama paneli hiyo imewahi kupakwa rangi upya. Rangi ya gereji haishiki chuma sawasawa na ile ya kiwandani, hasa kama filamu ilibandikwa kabla rangi haijamaliza kutoa hewa yake. Kwenye paneli kama hiyo anzia kwenye kona isiyoonekana, vuta sentimita mbili, tazama upande wa gundi. Ukiona utando mwembamba wa klia umekuja nao, rudisha filamu chini, acha hapo, na mzungumze kwanza na fundi wa rangi.